Siku Soko la Kripto Linapoanguka, Mali ni ya Nani?

Tarehe 8 Novemba 2022, wateja wa soko la sarafu za kripto la FTX waliagiza kutoa fedha zao, wakaambulia kusubiri. Siku tatu baadaye kampuni hiyo, ambayo mwanzoni mwa mwaka uleule ilithaminiwa dola bilioni 32, ilikimbilia mahakama ya ufilisi katika jimbo la Delaware, Marekani. Mwasisi wake, Sam Bankman-Fried, alikuwa na umri wa miaka 30 tu. Jina la kampuni yake lilikuwa juu ya paa la uwanja wa mpira wa kikapu mjini Miami, na yeye mwenyewe alikuwa mgeni wa kawaida kwenye kamati za bunge la Marekani, akieleza namna biashara ya kripto inavyopaswa kusimamiwa.

Wateja wake walikuwa wametapakaa dunia nzima, na wote walitumia programu zenye nembo ileile. Hata hivyo, yaliyowakuta hayakufanana. Tarehe 21 Februari 2023, miezi mitatu na kidogo baada ya anguko, wateja wa FTX Japan walianza kuchukua mali zao: aliyekuwa na yeni alitoa yeni, aliyekuwa na bitcoin alitoa bitcoin. Wateja wa FTX ya kimataifa walingoja hadi tarehe 18 Februari 2025 ndipo malipo ya kwanza yakatoka, tena kwa wenye madai yasiyozidi dola 50,000. Hao walilipwa dola kwa bei ya siku ya kufilisika, na riba juu yake, huku bitcoin moja ikihesabiwa kuwa dola 16,871. Sokoni, siku walipolipwa, bitcoin hiyohiyo ilikuwa inauzwa kwa zaidi ya dola 90,000.

Mmiliki alikuwa mmoja na anguko lilikuwa moja. Kilichowatenga wateja hawa ni sheria ya nchi ambamo mali zao ziliwekwa.

Mtu akitaka kujua kama soko fulani la kripto ni salama, jambo la kwanza analouliza rafiki yake ni hili: lina leseni? Ni swali la haki, ila halimfikishi mbali. FTX ilikuwa na leseni ya Bahamas, ikawa na kampuni yenye leseni Cyprus, ikapata kibali Dubai, na Japani ilikuwa imesajiliwa. Kwa hesabu ya vyeti, ilikuwa miongoni mwa masoko yaliyojipanga vizuri. Swali lenye uzito zaidi ni hili: siku soko hili likifilisika, sheria inasema sarafu zilizomo ni za nani, na kabla ya siku hiyo zinakaa mikononi mwa nani? Leseni isiyolijibu swali hilo haimlindi mteja, hata ikitundikwa ukutani kwa fremu ya dhahabu.

Japani haikuzaliwa na jibu. Mwenye kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nayo Japani iliumwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Februari 2014, pale Mt. Gox, soko lililokuwa na ofisi Shibuya, Tokyo, na ambalo wakati fulani lilipitisha sehemu kubwa ya biashara yote ya bitcoin duniani, lilipotangaza kwamba bitcoin zipatazo 850,000 hazionekani. Karibu 750,000 kati ya hizo zilikuwa za wateja. Baadaye 200,000 zilipatikana kwenye pochi ya kidijitali ya zamani. Wakati ule hakukuwa na sheria yoyote iliyoeleza soko la kripto ni kitu gani, wala nani alikagua vitabu vyake. Wadai wa Mt. Gox walianza kupokea bitcoin zao Julai 2024, miaka kumi baadaye. Wapo waliofunga ndoa na kulea watoto hadi wakaingia shule huku wakisubiri.

Baada ya msiba ule, Japani ilirekebisha Sheria ya Huduma za Malipo, na kuanzia Aprili 2017 kila soko lilitakiwa kujisajili kwa Mamlaka ya Huduma za Fedha. Mwaka haukuisha. Januari 2018 wezi waliingia soko la Coincheck na kuchukua sarafu za NEM milioni 523, zenye thamani ya yeni bilioni 58 hivi. Coincheck ilikuwa ikiendesha biashara huku ombi lake la usajili likiwa bado linachunguzwa, na ilikuwa imeziweka sarafu zote hizo kwenye pochi iliyounganishwa na intaneti. Wateja wapatao 260,000 waliguswa. Kampuni iliwalipa zaidi ya yeni bilioni 46 kutoka mfukoni mwake, na mwezi Aprili ikanunuliwa na Monex Group.

Hapo ndipo Wajapani walipoandika kanuni zinazostahili kusomwa na kila mtunga sheria. Marekebisho yaliyoanza Mei 2020 yaliagiza kwamba fedha taslimu za wateja ziwekwe kwa mdhamini, nje ya mikono ya soko lenyewe. Angalau asilimia 95 ya sarafu za wateja zikae kwenye pochi zisizogusana na intaneti. Kwa zile zinazobaki mtandaoni ili kuendesha shughuli za kila siku, soko liweke pembeni sarafu zake lenyewe, za aina ileile na kiasi kilekile, ili wizi ukitokea mteja asisikie. Na kampuni ikifa, wateja wawe mbele ya wadai wengine.

Kwa hiyo Novemba 2022 ilipofika, mfumo ulikuwa tayari. Tarehe 10, siku moja kabla FTX haijaomba ufilisi Delaware, ofisi ya fedha ya kanda ya Kanto iliiamuru FTX Japan isimamishe biashara, na iliongeza agizo lililo muhimu kuliko yote: mali zilizo ndani ya Japani zisitoke nchini. Bankman-Fried alikuwa akihaha kutafuta fedha popote duniani. Za Japani hakuzigusa.

Kwingineko hali ilikuwa ya kutisha. Ushahidi uliotolewa mahakamani Manhattan mwaka 2023 ulionyesha kwamba Alameda Research, kampuni nyingine ya Bankman-Fried, ilipewa ruhusa ya siri ndani ya mfumo wa FTX ya kukopa bila kikomo cha kawaida, hadi dola bilioni 65. Kuna wateja waliotuma fedha za benki wakidhani zinaingia FTX, kumbe akaunti zilikuwa za Alameda na kampuni yake tanzu. Pengo lilifika dola bilioni 8. John J. Ray, mwanasheria aliyekabidhiwa kusafisha mabaki ya kampuni, ndiye aliyewahi kusimamia mabaki ya Enron, kampuni nyingine ya Marekani iliyofilisika, na bado aliiambia mahakama kwamba katika maisha yake ya kazi hajapata kuona udhibiti wa kampuni ulioporomoka kiasi hicho. Bankman-Fried alitiwa hatiani kwa makosa saba, na Machi 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 25.

Basi, mtu wa kawaida aliye na simu na akiba kidogo afanye nini?

Aanze mahali ambapo wengi hupapita kwa haraka, yaani masharti ya matumizi. Humo ndimo mnamotajwa kampuni anayofunga nayo mkataba. Nembo ni mali ya kibiashara, wakati kampuni ni mtu wa kisheria mwenye anwani, mahakama yake na msimamizi wake. Kundi la FTX lilikuwa na kampuni zaidi ya mia moja. Mteja wa tovuti ya kimataifa alikuwa amefunga mkataba na FTX Trading, iliyosajiliwa Antigua na Barbuda, hata kama tangazo lililomvuta alilionea mjini kwake. Binance, kampuni nyingine ya soko la kripto, nayo kwa miaka mingi ilikwepa kutaja makao yake makuu yako wapi, hadi Novemba 2023 ilipokiri makosa mbele ya mamlaka za Marekani na kukubali kulipa zaidi ya dola bilioni 4.3. Soko linaloshindwa kumwambia mteja liko nchi gani limemnyima pia jina la mahakama atakayokwenda kulilia.

Jina la kampuni likishajulikana, litafutwe kwenye daftari la msimamizi, kwa kufungua tovuti ya msimamizi mwenyewe. Kiungo kilichowekwa na soko kisifuatwe, wala picha ya cheti inayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp isiaminiwe. Kisha isomwe kwa makini orodha hiyo ni ya nini hasa. Uingereza, tangu Januari 2020, husajili kampuni za kripto chini ya kanuni za kuzuia utakatishaji wa fedha. Usajili huo unahusu kama kampuni inawatambua wateja wake na kuripoti miamala ya kutiliwa shaka. Hauna maana kwamba kampuni ikianguka, mfuko wa fidia wa nchi hiyo utamlipa mwenye bitcoin. Marekani kuna daftari jepesi zaidi, lile la biashara za huduma za fedha linalotunzwa na FinCEN, ofisi ya serikali inayopambana na uhalifu wa fedha. Kampuni hujaza fomu na jina lake likaingia. FinCEN yenyewe inasema wazi kwamba kuwemo humo si pendekezo wala uthibitisho wa uhalali. Lakini ni karatasi yenye jina la Marekani, na kwa macho ya mtu wa Mwanza au Kisumu ambaye hajawahi kuiona nyingine, inatosha kumtoa wasiwasi. Matapeli wanalijua hilo, na ndiyo sababu karatasi hiyo hujitokeza mara kwa mara kwenye matangazo yao.

Masharti yana siri nyingine. Je, mteja akiweka sarafu, anabaki kuwa mwenye mali au anageuka mtu aliyeikopesha kampuni? Celsius, kampuni ya Marekani iliyoahidi riba nono kwa kripto, ilifilisika Julai 2022 ikiwa na akaunti za riba zipatazo 600,000. Januari iliyofuata Jaji Martin Glenn aliamua kwamba mali zilizokuwa humo, zenye thamani ya dola bilioni 4.2 wakati wa kufilisika, ni za kampuni. Wateja walikuwa wamekubali kwa kubonyeza kitufe masharti yaliyohamisha umiliki. Jaji alisoma mkataba kama ulivyoandikwa. Ni uamuzi mchungu, na ni vigumu kuona kosa la kisheria ndani yake.

Hata Coinbase, kampuni ya soko la kripto iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Marekani na kukaguliwa kila mwaka, iliwashtua watu Mei 2022 ilipoandika katika taarifa yake ya robo mwaka kwamba ikifilisika, wateja wangeweza kuhesabiwa kama wadai wa kawaida wasio na dhamana. Mkuu wake, Brian Armstrong, aliomba radhi kwa kutolisema mapema na kuahidi kuimarisha masharti ya wateja wadogo. Jambo la kuzingatia ni kwamba tahadhari ile ilikuja kwa sababu sheria ya kampuni zilizoorodheshwa iliilazimisha Coinbase kuandika hatari zake hadharani. Kampuni binafsi yenye ofisi kisiwani isingeandika hata mstari.

Baada ya FTX kuanguka, masoko mengi yalianza kuchapisha kile yanachokiita uthibitisho wa akiba: orodha ya anwani za pochi zao na njia ya mteja kuhakikisha salio lake limo kwenye hesabu. Si kazi bure. Inasaidia kuonyesha kwamba sarafu zipo. Lakini huonyesha upande mmoja wa mizani. Haisemi kampuni inadaiwa na nani, wala kama sarafu hizo zilikopwa jana ili zipigwe picha leo na kurudishwa kesho. Desemba 2022, kampuni ya ukaguzi ya Mazars ilisimamisha kazi hiyo kwa wateja wake wote wa kripto, na Machi 2023 bodi inayosimamia wakaguzi wa Marekani iliwaonya wawekezaji kwamba ripoti za namna hiyo si ukaguzi wa hesabu. Soko linalotaka kuaminiwa lilete hesabu zilizokaguliwa kamili, zenye mali na madeni, na jina la mkaguzi aliyezitia sahihi.

Sasa upande wa wizi, maana leseni haifungi mlango kwa mwizi. Mei 2024, DMM Bitcoin, soko lililosajiliwa Japani chini ya kanuni zote zile kali, lilipoteza bitcoin 4,502.9, zenye thamani ya yeni bilioni 48 hivi. FBI na polisi wa Japani walisema walioiba ni Wakorea Kaskazini, ambao walianza kwa kumwendea mfanyakazi wa kampuni iliyotengeneza mfumo wa pochi, wakijifanya wanamtafutia kazi kupitia LinkedIn. Msimamizi alilibana soko hilo kwa udhaifu wake wa usalama, na mwisho wa mwaka likatangaza kufunga. Lakini wateja hawakupoteza kitu. Kundi la DMM lilichangia yeni bilioni 55 kununua bitcoin za kujaza pengo, na Machi 2025 akaunti zikahamishiwa soko jingine, SBI VC Trade. Mwezi uliotangulia uhamisho huo, kampuni ya soko la kripto ya Bybit yenye makao Dubai iliibiwa kripto yenye thamani ya dola bilioni 1.5 hivi kwa siku moja, wizi mkubwa kuliko wowote katika historia ya biashara hii, na ilinusurika kwa sababu ilipata mikopo ya haraka na ilikuwa na mtaji.

Kwa hiyo rekodi ya soko isomwe kwa jicho pevu. Kuibiwa peke yake hakutoshi kulihukumu. Kinachosema zaidi ni muda uliopita kabla wateja hawajaambiwa, fedha za kufidia zilitoka wapi, na ni nani mwenye mfuko mzito aliye nyuma ya soko hilo. Pia kuna hasara isiyoonekana kwenye pochi: Mei 2025 Coinbase ilieleza kwamba wafanyakazi wa huduma kwa wateja walioko nje ya Marekani walihongwa wakatoa majina, anwani na sehemu ya taarifa za wateja. Kampuni ilikataa kulipa dola milioni 20 zilizodaiwa na wahalifu, na ikaahidi kuwafidia waliolaghaiwa. Sarafu zinaweza kurudishwa. Picha ya kitambulisho cha mtu ikishatoka, imetoka.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Benki Kuu ya Kenya ilitoa onyo kuhusu bitcoin Desemba 2015. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa lake Novemba 2019, ikikumbusha kwamba shilingi ndiyo fedha halali. Vijana hawakungoja. Wananunua dola za kidijitali kutoka kwa mtu hadi mtu, wakilipana kwa simu, huku sarafu zikishikiliwa na soko la ng'ambo ambalo leseni yake, kama ipo, ni ya nchi nyingine. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki kuu ijiandae kwa mabadiliko hayo. Mwaka 2024 Tanzania iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Mfanyabiashara wa Kariakoo anatajwa na sheria ya kodi anapouza, lakini hana sheria inayomtaja kama mwenye mali soko likianguka. Hilo ni pengo, na waliotunga kodi ndio wenye wajibu wa kulijaza.

Kenya imepiga hatua. Sheria ya Watoa Huduma za Mali Pepe ilitiwa sahihi na Rais William Ruto Oktoba 2025 na kuanza kutumika Novemba, ikagawa usimamizi kati ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Taasisi hizo mbili zilitangaza mara moja kwamba hazijampa mtu yeyote leseni chini ya sheria hiyo, na anayedai anayo asiaminiwe. Lilikuwa tangazo la busara, kwa kuwa kipindi kati ya sheria na leseni ya kwanza ndicho matapeli hukipenda.

Na Kenya ina hazina ambayo watunga kanuni hawana haja ya kuifuata Tokyo. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, fedha za wateja hazijawahi kuwa mali ya Safaricom. Zinakaa kwenye mabenki ya biashara chini ya mdhamini, M-Pesa Holding Company, kwa niaba ya wenye salio. Tanzania nayo inadai kampuni za simu ziweke fedha za wateja kwenye akaunti za udhamini. Mama ntilie wa Gikomba na dereva wa bajaji wa Ubungo wamekuwa wakilindwa kwa kanuni hii kwa miaka, bila kulazimika kuijua.

Kanuni za kutekeleza sheria ya Kenya ndizo zitakazoamua kama mwenye kripto atapata ulinzi huohuo. Ziseme mdhamini wa shilingi za wateja ni nani na asiwe ndugu wa soko. Zitaje asilimia ya sarafu zitakazokaa nje ya intaneti, na zilazimishe soko kufidia kwa sarafu zake zile zinazobaki ndani. Zikataze soko kuwakopesha jamaa zake mali za wateja, na zimpe msimamizi uwezo wa kuzuia mali zisivuke mpaka, kama ofisi ya Kanto ilivyofanya siku moja kabla ya ombi la Delaware. Ikiwa soko la kigeni litataka kufungua Nairobi kwa kampuni tanzu ambayo kazi yake ni kutangaza tu, huku sarafu zikibaki kisiwani, lisipewe leseni hata kama jina lake ni kubwa kiasi gani.